Tuitetee Sanaa kwa Sanaa Yenyewe



Historia ya mikutano yetu ya elimu ya sanaa mnaijua. UNESCO ilituita Lisbon mwaka 2006, Seoul 2010 na Abu Dhabi 2024, na kila mara tuliondoka na waraka. Nyaraka hizo sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na hoja moja inayohama nasi kutoka ukumbi hadi ukumbi, hasa mtetezi wa sanaa anapomkabili ofisa wa bajeti: mfundisheni mtoto muziki, atafaulu hisabati.

Hoja hii ilishika kasi baada ya mwaka 1993. Frances Rauscher na wenzake walichapisha katika jarida la Nature jaribio la wanafunzi 36 wa chuo waliosikiliza sonata ya Mozart kwa dakika 10. Walifanya vizuri zaidi maswali ya kufikiri kuhusu maumbo, na nafuu hiyo haikuvuka robo saa. Mle hamkuwa na mtoto mchanga wala hesabu hata moja. Lakini mwaka 1998 gavana wa Georgia, Marekani, aliomba dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe muziki wa aina hiyo!

Kuna kazi ya utafiti juu ya hoja hii ambayo sichoki kuwasomesha wanafunzi wangu. Ellen Winner na Lois Hetland, watafiti wa Project Zero pale Harvard, walichambua ripoti 188 za miaka 1950 hadi 1999, wakatoa matokeo mwaka 2000. Ninaiheshimu mno kwa sababu walioiandika wanaipenda sanaa, na bado hawakuupinda ushahidi ufuate mapenzi yao. Walikuta kuigiza hadithi darasani kunakuza uwezo wa lugha, wakalisema waziwazi. Walikuta kujifunza muziki kunasaidia kufikiri kuhusu maumbo. Ila kwamba masomo ya sanaa ndiyo yanayopandisha alama za hisabati, ushahidi haukutosha. Wakaonya kwamba somo linalotetewa kwa faida ya somo jingine litaondolewa siku faida hiyo isipoonekana.

Wenzangu hunijibu kwamba serikali husikia lugha ya alama tu, kwa hiyo tuizungumze. Shida yao naielewa, maana fedha ni chache kweli. Lakini ofisa makini atatuambia: basi ongezeni vipindi vya hisabati. Hapo tutamjibu nini?

Jibu langu ni hili: niliwahi kutoka kwenye mmoja wa mikutano yetu nikapitia Zanzibar, nikamkuta binti akijifunza kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi. Kila sauti ina nyuzi tatu. Alikaza wa kwanza kwa ufunguo, akainamisha sikio. Wa pili ukamgomea. Mwalimu wake alinyamaza kimya. Binti akalegeza, akakaza tena, hadi nyuzi zote tatu zikalia kama mmoja, ndipo akahamia sauti ya pili. Alikuwa akijifunza kukataa kilichokaribia kuwa sahihi, na hakimu ni sikio lake mwenyewe. Ninaamini, na hakuna takwimu iliyonitikisa, kwamba elimu hiyo inatosha kulipiwa mshahara wa mwalimu.

Kwa hiyo waandaaji wa mikutano ijayo nawaomba jambo moja. Asubuhi ya kwanza wapeni walimu wa kanuni, wa ngoma na wa uchongaji wafundishe wanafunzi wao mbele ya maofisa wa wizara. Hotuba zianze mchana.