Vipimo vya Shambani na Uaminifu Wake



Nimetakiwa niseme juu ya vile vyombo vidogo vya kupimia unyevu na joto, ambavyo huwekwa shambani na kupelekeana habari kwa redio pasipo waya, kila kimoja kikipokea za jirani yake na kuzipeleka mbele, hadi zifike kwenye kompyuta ya ofisini. Najua wanachama wengi wangependa fedha ya Chama ivinunue. Sipingi, lakini kwanza sikilizeni yaliyowapata Waholanzi.

Mwaka 2005 wataalamu wa Uholanzi waliweka vyombo kama 100 katika shamba la viazi, wapate kujua mapema hali iletayo bakajani chelewa, ugonjwa upendao majani yaliyolowa. Kwa bahati mbaya vyombo vikawa vinagawiana programu pasipo kikomo, hata betri zote zikaisha katika siku 4. Tena chombo kimoja kiliweza kuwa na majirani hata 30, na nafasi ya kuwakumbuka wote haikuwamo. Habari zikapotea njiani. Mwishowe zilifika 2 tu katika kila 100. Nawasifu, maana waliyaandika hayo yote bila kuona haya.

Walakini chombo kilichonyamaza hakinitishi. Kinachonitisha ni kile kisemacho uwongo: maji yameingia ndani yake, nacho chasema shamba ni kavu, na mkulima haendi kupiga dawa. Hapo hapana budi kulinganisha. Vyombo 3 vikisema unyevu na cha 4 ukavu, hicho kishukiwe. Lakini yamkini kiko mwinukoni penye upepo, nacho ndicho msema kweli. Basi mtu aende akatazame.

Kisha yuko adui. Redio haina mlango: mtu aliye kando ya shamba aweza kutia habari za uwongo, au kurudia za jana. Kwa hiyo kila habari hutiwa muhuri wa siri na nambari ya mfululizo. Lakini vyombo vyote vikiwa na ufunguo mmoja, aibaye kimoja amepata vyote. Nasi ambao hulala na majembe ndani twajua kama vitu vya shambani huibwa. Afadhali kila chombo kiwe na ufunguo wake.

Basi muuzaji atakapokuja, namwomba Bwana Katibu amwulize kabla ya bei: chombo kikiharibika ofisi itajuaje, na kikiibwa ufunguo wake utafutwaje? Nayo Halmashauri itenge mshahara wa mtu wa kuvizungukia kila juma, betri mkononi.