Rushwa Kazini: Tuizuie Mapema, Tuichunguze kwa Haki

(Mazungumzo katika semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Tukisikia neno rushwa, mara nyingi tunafikiria Nairobi na maofisi makubwa. Lakini kikundi chenye posho mill au duka, ambacho kimeajiri hata mtu mmoja, tayari ni mahali pa kazi. Na pesa za mjane zimo ndani.

Wengine husema, "Huyu ni mtu wa kanisa, hana haja ya kuangaliwa." Sisi hatukubali. Katika 2 Wakorintho mlango wa 8 tunasoma kwamba mchango wa watakatifu haukubebwa na Paulo peke yake. Ndugu aliyechaguliwa na makanisa alifuatana nao, ili asiwepo wa kuwalaumu. Ikiwa Paulo alikubali kuangaliwa, kwa nini mweka hazina wetu akasirike?

KUZUIA

1. Anayepokea pesa asiwe ndiye anayeandika vitabu.

2. Cheki itiwe sahihi na watu wasiotoka nyumba moja. Asiwepo wa kutia sahihi cheki tupu ati mwenzake ana haraka.

3. Risiti ziwe na nambari. Ikiharibika isitupwe, ipigwe mstari, ibaki kitabuni.

4. Pesa zote za mauzo ziende benki kwanza. Matumizi yatolewe baadaye, kwa idhini ya kamati.

5. Kwenye posho mill, andikeni dizeli iliyotumika na magorogoro yaliyosagwa. Kaeni hapo wenyewe wiki moja mpime. Baadaye dizeli ikiisha kama kawaida na pesa zipungue, ulizeni.

6. Mlipeni mfanyikazi kwa wakati. Kijana akikaa miezi mitatu bila mshahara huku anashika pesa kila siku, ni sisi tunaomsukuma majaribuni.

KUCHUNGUZA

Pesa zikipotea, makelele huanza sokoni. Hapo ndipo kazi huharibika, kwa sababu vitabu hufichwa na watu hugawanyika kwa ukoo.

Kwanza, siku hiyo hiyo chukueni vitabu, risiti na funguo, mwandike orodha mbele ya mashahidi. Pili, chagueni watu watatu wasio jamaa wala maadui wa mshukiwa. Tatu, linganisheni risiti na karatasi za benki, siku kwa siku. Nne, mshukiwa asikizwe na aonyeshwe hesabu. Pesa kupungua si lazima iwe wizi. Labda mtu alihesabu vibaya. Tano, ripoti iandikwe na isomwe mbele ya mkutano mkuu.

Ikionekana ni wizi, nendeni polisi. Kumpiga mtu au kumpeleka kwa mganga si uchunguzi. Kama ni hongo, Sheria ya Hongo ya 2016 inamtaka mwenye mamlaka, awe katika shirika la umma au la watu binafsi, apige ripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi katika muda wa saa 24.

ALIYESEMA UKWELI

Ndugu zetu, hapa ndipo pagumu. David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliona mabilioni ya pesa yakilipwa kampuni ya Goldenberg kwa dhahabu na almasi ambazo hazikuuzwa nje. Alitoa habari, na hati zikafika kwa wabunge wa upinzani. Mwaka 1993 alikamatwa, akafutwa kazi. Alikufa mwaka 2006 katika umaskini.

Leo sheria ya 2016 inakataza kumdhulumu mtoa habari. Lakini sheria iko mbali, na jirani yuko hapa. Mama akisema hesabu haziko sawa, halafu tuache kumsalimu, tumetenda kama waliomfukuza Munyakei. Jina lake lisitajwe mkutanoni asipotaka. Akitengwa, kamati imtembelee nyumbani.

Naye aliyekosa, akirudisha kama Zakayo, tumsamehe. Lakini funguo za sanduku apewe mwingine.

Mungu awabariki.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Ni nani anayeona vitabu vyetu vya benki, na mara ngapi kwa mwaka?

2. Mwanachama mdogo akishuku jambo, atamwambia nani bila kuogopa?