Mwenye Ufunguo
Maneno yaliyosemwa siku ya Jubilei kwa kumkumbuka mwenzetu wa skuli aliyefariki



Nimeamriwa na wakubwa wa sikukuu hii niseme habari za skuli yetu ya zamani, kwa kuwa katika wale waliomaliza mwaka 1966 tumesalia wachache, na miguu yetu haitaki tena safari. Walinipa karatasi yenye majina ya watu ambao skuli yajivunia kuwalea, na jina langu limo. Nimeirudisha karatasi ile. Leo nataka kusema habari za mtu ambaye jina lake halimo, wala halimo katika daftari la skuli la waliomaliza mwaka ule. Jina lenyewe mnalijua. Limesomwa asubuhi katika sala ya kuwaombea marehemu, na mjane wake na wanawe wameketi hapa mbele yangu.

Mwaka jana tulimzika. Mimi ni mtani wake, na kwa desturi zetu mtani ndiye achekeshaye watu penye msiba. Siku ile nalisimama kaburini nikakosa hata neno moja la mzaha. Watu wakadhani ni majonzi. Majonzi yalikuwako, lakini palikuwa na jambo jingine, nalo ndilo nililokuja kulisema.

Twaliingia skuli pamoja mwaka 1963. Reli ya Mtwara na Nachingwea, ile iliyojengwa kwa ajili ya mashamba makubwa ya karanga wakati wa Waingereza, haikuwahi kupita kwetu, basi tukaenda kwa miguu siku mbili, kila mtu na sanduku lake la bati kichwani. Mwaka ule baba zetu walilipa karo kwa fedha za korosho. Mwaka 1964 serikali ikaiondoa karo ya skuli za sekondari, na baba yake, aliyekwisha kuweka akiba ya mwaka wa pili, akanunua baiskeli. Twaliicheka sana baiskeli ile, maana mzee hakujua kuipanda. Aliisukuma tu, mizigo ikiwa juu yake.

Katika masomo yeye alinipita. Mimi nalikuwa mwepesi wa kukariri, yeye alikuwa mwepesi wa kufahamu, na walimu mlio hapa mwajua tofauti yake. Aljebra alinifundisha yeye, kwa kupanga korosho chini. Alipofika kidato cha nne akafanywa kiranja wa taa: kazi yake kuzitia mafuta karabai za chumba cha kujisomea, kuzipiga pampu, kuzizima saa tatu za usiku, na kuzifungia ghalani. Ufunguo wa ghala aliufunga kwa uzi shingoni.

Mwezi Oktoba mwaka 1966 mtihani wa Cambridge ulikuwa karibu, nami nalikuwa na hofu. Nikamwomba ufunguo nikasome usiku wakati wengine wamelala. Akakataa. Nikamwomba tena, akakataa. Mara ya tatu akaufungua uzi, akaniambia, “Usiichukue ile ya pili, inavuja.” Giza lilikuwa kubwa, nami sikutazama ni ipi. Nikaenda nayo banda la useremala, ambako hapana mtu angeona mwanga. Mafuta yakavuja, moto ukashika maranda sakafuni, kisha ukapanda kwenye nyasi za paa. Nikakimbia. Wenzangu walipoamka kwa makelele nalikuwa kitandani nimejifunika shuka, mikono yangu inanuka mafuta ya taa. Hakuumia mtu, ila banda lilikwisha, pamoja na vyombo vyote vya useremala na mabenchi mapya.

Asubuhi tukapangwa mistari. Mwalimu mkuu akauliza, “Nani alikuwa na ufunguo?” Yeye akajibu, “Ufunguo ulikuwa kwangu.” Akaulizwa kama alimpa mtu. Akanyamaza. Hakunitazama, ingawa nalisimama mtu wa tatu kutoka kwake. Wakati wa kusema nalikuwa nao wa kutosha. Kengele ya darasa ilikuwa bado. Nikajiambia nitasema adhuhuri. Adhuhuri nikajiambia jioni. Jioni baba yake akaja na baiskeli ile ile, akalifunga sanduku la bati juu yake, wakaenda zao. Nikajiambia nitasema baada ya mtihani.

Mimi nikafaulu, nikaendelea na masomo, kisha nikapata kazi Dar es Salaam katika ofisi moja ya serikali, kazi ya kuhesabu mishahara ya watu. Yeye hakufanya mtihani. Akaingia chuo cha ualimu wa daraja C, daraja lililowekwa kwa waliomaliza darasa la nane tu, ilhali waliomaliza kidato cha nne walichukuliwa kwa daraja A. Tofauti ya mshahara ilikuwako kila mwezi. Akapanda daraja baadaye kwa kujisomea mwenyewe, akiwa na watoto wanne. Kazi yangu ilikuwa hesabu hizo hizo; basi usiku mmoja nikakaa nikaijumlisha tofauti ile, mwezi kwa mwezi, hata mwaka aliopandishwa. Sitaitaja hapa. Karatasi yake nimekwisha kumpa mama wa watoto, nasi tutasemezana.

Kazi yake wengi wenu mwaijua kuliko mimi. Alipelekwa kijiji kimoja cha uwanda wa juu wa Umakonde, ambako maji ni ya mbali na wanawake walishuka bondeni kuyachota tangu alfajiri. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 karibu watu saba katika kumi nchini hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, yeye alikuwa amekwisha kuanza, chini ya mkorosho, saa za alasiri. Wakati wa mavuno ya korosho darasa lilibaki tupu, naye hakugomba. Aliwafuata mashambani na ubao mdogo. Mwaka 1977, watoto wote walipotakiwa kuingia darasa la kwanza, alifundisha mikondo miwili, asubuhi na mchana, kisha watu wazima. Nalipata habari hizi kwa barua zake. Aliniandikia kila mwaka. Mimi nalimjibu mara chache, nikisema kazi ni nyingi, na njia ya kusini haipitiki wakati wa masika, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mwaka 2003 daraja la mto Rufiji likafunguliwa, lile liitwalo Daraja la Mkapa, na udhuru wangu ukaisha.

Nikaenda mwaka 2004. Tulikula, tukataniana, na giza lilipoingia nikamwambia, “Mtani, lile banda.” Sikumaliza. Akasema, “Ufunguo ulikuwa kwangu kweli. Wangemwuliza nani mwingine?” Kisha akaingia ndani akaleta daftari, akaleta na taa, akataka nilitazame. Lilikuwa la mahudhurio ya wale watu wazima. Kurasa za mwanzo zilijaa alama za vidole gumba, kila moja na jina aliloliandika yeye kando. Kurasa za katikati zilikuwa na herufi kubwa zilizopinda kama miti ya mwambao. Kurasa za mwisho watu waliandika majina yao wenyewe, na mama mmoja mzee aliliandika lake mara tatu katika mstari mmoja, bila shaka kwa kulifurahia. Alinionyesha lile kwa kidole, akacheka mpaka akakohoa. Habari za banda hatukuzirudia tena, usiku ule wala baadaye. Sijui hata leo kama alinisamehe au aliliona jambo dogo, nami sikuwa na moyo wa kumwuliza.

Walimu wa skuli, nimesema nanyi juzi, nanyi mkanijibu kuwa daftari la mwaka 1966 haliwezi kutiwa jina la mtu asiyefanya mtihani. Ni haki, sitaki uongo uandikwe. Naomba ukurasa wa mwisho, ulio mweupe, uandikwe kwamba mwanafunzi huyu aliondolewa kwa kosa la mwenziwe, na jina la mwenziwe litajwe. Nimeliandika langu kwa mkono wangu. Daftari liko mezani penye mlango wa magharibi, na kalamu iko. Ninyi watatu mliokuwako mistarini asubuhi ile, nawaomba baada ya chakula mje mtie sahihi zenu chini yake, kabla gari halijaondoka.