Nchi Yetu ya Milima
Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Nimeagizwa niseme juu ya wilaya yetu ya Lushoto, sura yake na watu wake. Huenda baadhi yenu mkajiuliza kwa nini Katibu, ambaye kazi yake ni kutunza hesabu na barua, asomeshe jiografia mbele ya watu waliozaliwa juu ya milima hii. Jawabu ni kwamba niliifanya kazi yenu miaka mitatu bila ya kuijua wilaya, na wengine wenu ndio mlioulipia ujinga wangu.

Atokaye Mombo, ilikopita reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, huacha joto la mita zipatazo 400 juu ya usawa wa bahari. Hupanda kona kwa kona, akapita Soni, na baada ya kilomita zipatazo 33 hufika Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, katika mita 1,400 hivi. Akizidi kupanda kuelekea Magamba na Shume, hukuta baridi ambayo mwezi wa Julai haina mzaha. Upande wa Bumbuli mvua ni nyingi na chai husitawi. Lakini kaskazini, hadi Mtae, ambako mlima umekatika kama ukuta juu ya nyika ya Mkomazi, mvua ni haba. Hivyo siku ile ile mmoja wetu hupalilia kabichi katika ukungu, na mwenzake hutazama mbingu kavu.

Wasambaa wa kale waliyajua haya kabla ya ramani. Walijenga juu, wakapanda migomba, lakini walilima na nyika pia, ili upande mmoja ukikosa mvua, mwingine uwalishe. Hata mfalme wa Kikilindi aliyekaa Vugha alipimwa kwa mvua na shibe: ama ameiponya nchi, ama ameiharibu. Wambugu, watu wa ng'ombe, walishika nyanda za juu karibu na misitu, na wana lugha yao ambayo wataalamu hawajaacha kuistaajabia. Wapare nao wamekuwa jirani zetu na wakwe zetu tangu zamani.

Serikali ya Kiingereza ilipoanza mpango wa kuhifadhi ardhi Mlalo mwaka 1946, udongo kweli ulikuwa ukienda na maji. Lakini amri ya matuta ilishushwa kutoka juu, na mzigo wa jembe ukawaangukia sana kina mama. Watu wakakataa, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru wa 1961. Udongo haukuacha kwenda kwa sababu hiyo. Tulikumbuke hilo tunapojisifu kwa kukataa.

Sasa nije kwa kosa langu. Katika mwaka wa tatu wa Chama Kikuu niliita mkutano wa kupanga zamu za lori. Niliutia katika juma lililonifaa mimi ofisini, nami sikujua kwamba juma hilo wanachama wa ukingo wa kaskazini walikuwa wameteremka nyikani kuwahi mvua. Idadi ya wajumbe ilitimia, kura zikapigwa, na zamu ya mwisho wakapewa wasiokuwapo. Msimu ule nyanya zao zilioza kando ya barabara. Mzee mmoja alibeba tenga moja hadi mlangoni pangu, akalitua, akaniuliza: "Mwanangu Katibu, umepata kufika kwetu?"

Sikuwa nimefika. Nilikwenda juma lililofuata, kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na tangu hapo kila mwaka nimezizunguka jumuiya zote. Vyama viwili vilikuwa vimekwisha andika barua ya kujitoa. Kimoja kilirudi; kingine hakikurudi, wala siwalaumu.

Alasiri ya leo mtasomewa azimio la kwamba hakuna mkutano wa zamu wala wa bei utakaoitishwa kabla kila chama cha msingi hakijaleta kalenda yake ya kilimo, na kwamba banda la kukusanyia mazao lijengwe kule ukingoni. Najua wako wanaosema fedha hizo afadhali zitengeneze lori. Mimi nitaliunga mkono azimio hilo, na barua ile ya kujitoa ninayo hapa mfukoni kwa atakayetaka kuisoma kabla ya kupiga kura.