Ripoti ya Mtoto Isomwe na Mzazi



Tumeombwa tuzungumze juu ya karatasi moja. Si katiba, wala si karatasi ya kura. Ni ile ripoti ambayo mtoto wa shule ya umma huileta nyumbani shule zinapofungwa, imekunjwa mara nne, na mara nyingine imelowa jasho la woga.

Kwa miaka mingi karatasi hiyo ilisomwa kwa swali moja tu: "Umekuwa nambari ngapi?" Tangu mtihani wa KCPE ulipofanywa mara ya kwanza mwaka wa 1985 hadi ulipofanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, tulizoea kuwapima watoto wetu kwa kuwapanga mstarini. Sisi ambao tuliupinga mlolongo wa mwaka wa 1988, watu wazima walipopangwa nyuma ya wagombea, hatukuona ajabu watoto wetu kupangwa mlolongo kila muhula. Mtoto aliyekuwa wa 61 kati ya 64 alijua mahali pake. Hakuna aliyemwambia kama shida yake ilikuwa hesabu za kugawanya, au ni macho yasiyouona ubao.

Kisha ukaja mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutumiwa kote nchini mwaka wa 2019. Mahali pa nambari pakawekwa ngazi nne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na kuwa chini ya matarajio. Mwaka wa 2025, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 9 walipofanya mtihani wa KJSEA, kila ngazi iligawanywa mara mbili, zikawa nane. Nia ilikuwa njema, na tunakiri hivyo. Lakini ripoti nyingi tulizokusanya kutoka kwa waumini zina herufi za Kiingereza tu: EE, ME, AE, BE. Kijana mmoja alimweleza baba yake kwamba BE ni kifupi cha "bora". Baba akamnunulia viatu vipya.

Tulicheka tuliposimuliwa hayo. Hatukucheka alipoinuka bibi mmoja anayelea wajukuu watatu. Alisema, "Mimi kusoma sijui, lakini nambari nilizijua. Sasa hata nambari mmeninyang'anya." Tulikuwa tumefika mkutanoni na hoja zetu zote dhidi ya kuwapanga watoto, na hapo tukanyamaza. Wazazi wanaodai nambari zirudishwe si wajinga, wala si watu wa kale. Nambari ndiyo sehemu pekee ya ripoti iliyowahi kusema nao. Hatutaki irudi, lakini anayeiondoa ana deni la kuweka mahali pake jambo ambalo bibi huyo anaweza kulielewa.

Na haya matarajio ni ya nani? Mtoto anaambiwa yuko chini yake, na mzazi hakuwahi kuonyeshwa. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Shule ya umma ni ya Serikali. Basi ripoti isiyoeleweka na mlezi ni haki iliyotolewa nusu.

Tumezungumza na wazazi, walimu na wanafunzi wenyewe, na yaliyotokea hayakulingana. Wazazi walitaka maelezo katika kila somo: mtoto anaweza nini, na bado hawezi nini. Mwalimu mmoja akatuuliza kwa upole, "Darasa langu lina watoto 70. Mnajua ni usiku mingapi hiyo?" Hatukuwa tumejua. Tukapatana kwamba maelezo yaandikwe kwa Kiswahili katika masomo mawili tu: lile analoliweza zaidi na lile linalomlemea. Siku alizokosa shule zihesabiwe, kwa maana hizo mzazi anazielewa mara moja. Deni lolote la michango liandikwe kwenye karatasi yake yenyewe, na ripoti isizuiliwe kwa sababu yake. Wanafunzi waliomba mstari mmoja wa kujieleza. Hilo lilizua ubishi mkubwa kuliko yote, na baadhi ya wazee bado hawajaridhika.

Hatukupatana kuhusu ukurasa wa nyuma. Wengine wetu twataka mzazi aujaze na kuurudisha. Walimu wanaogopa matusi, na si hofu ya bure.

Nakala za rasimu ziko mezani karibu na mlango. Kila mmoja achukue mbili, moja yake na moja ya jirani asiyekuja hapa kanisani. Msomeeni asiyejua kusoma, na mwandike maneno yake kama alivyoyasema, hata yakiwa makali. Tunazihitaji kabla ya mkutano wa chama cha wazazi na bodi ya usimamizi mwanzoni mwa muhula ujao. Bibi yule amekubali kuketi mbele, na ndiye atakayeulizwa kwanza kama ameelewa.