Mgawo wa Intaneti Katika Hosteli za Vyuo: Tugawane Saa ya Msongamano, Tuache Kuhesabu Gigabaiti



Mwanafunzi anayepokea ufunguo wa chumba cha hosteli hupokea pia masharti ya waifai. Mara nyingine yamebandikwa ukutani karibu na ofisi ya mlezi, mara nyingine huyagundua yanapomkata katikati ya kazi: gigabaiti kadhaa kwa mwezi, vifaa viwili tu, YouTube imefungwa hadi usiku wa manane, VPN marufuku. Siwalaumu walioyaweka. Njia ya intaneti ina ukomo na watumiaji ni wengi, kwa hiyo lazima pawe na utaratibu. Hoja yangu leo ni kwamba kilicho adimu hosteli ni nafasi ya njia kati ya saa mbili na saa sita usiku, na kwamba masharti tuliyonayo kwa sehemu kubwa hayazigusi saa hizo.

Tuanze na hesabu. Hosteli za Magufuli pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilizofunguliwa mwaka 2017, zilijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840 katika majengo 20. Tuchukulie, kwa mfano tu, hosteli yenye idadi hiyo ya vitanda imepewa njia ya gigabiti 1 kwa sekunde, na kila mwanafunzi amepangiwa gigabaiti 10 kwa mwezi. Njia hiyo ikifanya kazi usiku na mchana ina uwezo wa kupitisha gigabaiti 10,800 kwa siku, yaani 324,000 kwa mwezi wa siku 30. Wanafunzi wote wakimaliza mgao wao hadi tone la mwisho, watakuwa wametumia gigabaiti 38,400. Hiyo ni takriban asilimia 12 ya uwezo wa njia. Asilimia 88 imelipiwa na haikumfaa mtu yeyote.

Sasa tuangalie saa tatu usiku. Robo ya wanafunzi hao, yaani 960, wakifungua video ya kawaida inayokula megabiti 1 kwa sekunde, njia imejaa. Mwenzao anayetaka kupakia asaimenti kwenye Moodle kabla ya saa sita atazungushwa hadi muda umwishie. Na wote hao 960 wako ndani ya mgao wao. Hakuna aliyevunja sharti lolote, lakini mtandao umesimama. Ni sawa na kutaka kupunguza foleni ya Ubungo jioni kwa kumhesabia kila dereva kilomita zake za mwezi.

Kwa nini basi tumeshikilia gigabaiti? Nadhani ni urithi wa enzi ya setilaiti. Kabla ya mwaka 2009 vyuo vyetu vilitegemea madishi ya VSAT, na megabiti moja iligharimu maelfu ya dola kwa mwezi. Chuo kizima kiliweza kugawana njia ambayo leo simu moja inaimaliza. Wakati ule kila baiti ilikuwa ya kuhesabiwa, na mafundi wa zama zile walifanya kazi kubwa kwa vifaa vichache. Kisha ukaja mkongo wa SEACOM mwaka 2009 na wa EASSy mwaka 2010, na mitandao ya elimu na utafiti kama TERNET hapa Tanzania na KENET kwa jirani zetu Kenya ikapata mahali pa kuunganisha vyuo kwa gharama ya pamoja. Jinsi ya kununua nayo ni ile ile hadi leo: chuo kinalipia kasi kwa mwezi. Njia ikikaa tupu kuanzia saa tisa usiku hadi alfajiri, ankara haipungui hata shilingi. Mwanafunzi anayeamka saa kumi alfajiri kupakua mihadhara ya wiki nzima hamnyang'anyi mtu chochote. Anatumia kitu ambacho kingepotea. Lakini ndiye wa kwanza kukatwa kwa kumaliza mgao.

Naomba tukae kidogo hapa, kwa sababu ndipo penye maumivu.

Mgao ukiisha tarehe 20, si kila mwanafunzi anayeumia. Mwenye uwezo hununua bando na kuendelea. Anayebaki gizani ni yule anayeishi kwa bumu peke yake. Fedha hiyo ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Gigabaiti moja kwa bando za kawaida hufika au kuzidi shilingi 2,000. Mhadhara wa saa moja kwa video ya ubora wa wastani hula kati ya megabaiti 250 na 500, hivyo mihadhara mitatu tu yaweza kummalizia gigabaiti nzima, ambayo ni sehemu ya tano ya fedha yake ya siku ile. Anachagua kati ya kusoma na kula chakula cha jioni. Sharti tuliloliweka kwa nia ya usawa linamwangukia maskini peke yake, na linamwangukia vibaya zaidi karibu na mitihani ya mwisho wa muhula (UE), mwezi unapoelekea kuisha na mgao umekwisha. Jambo hili linaniumiza, na sioni ugumu wa kulisema mbele ya wenye mamlaka ya kulibadilisha.

Fundi ataniuliza: tukiondoa mgao, si wachache watameza njia nzima? Watafanya hivyo, kama tutaacha ruta ipitishe kila kinachokuja kwanza. Anayepakua filamu kwa torenti hufungua miunganisho mingi kwa wakati mmoja, na ruta isiyoelekezwa huihesabu kama watu wengi, kwa hiyo humpa sehemu kubwa kuliko jirani yake mwenye muunganisho mmoja. Dawa yake ipo na ni ya bure. Utaratibu wa foleni uitwao FQ-CoDel ulichapishwa rasmi kama RFC 8290 mwaka 2018, na mwaka huo huo utaratibu mwingine, CAKE, ukaingizwa ndani ya Linux. Huo wa pili unaweza kugawa njia kwa kifaa badala ya kugawa kwa muunganisho: vifaa 500 vikihitaji kwa wakati mmoja, kila kimoja kinapata sehemu yake hata kama kimojawapo kimefungua miunganisho elfu. Vikibaki 10 alfajiri, hivyo 10 vinagawana njia yote. Hakuna wa kukatwa, hakuna wa kumnyima mwenzake. Ruta za MikroTik, ambazo ni nyingi katika vyuo na ofisi za Afrika Mashariki, zimekuwa na taratibu hizi mbili tangu RouterOS 7. Kinachohitajika ni ruta yenye prosesa inayomudu kasi ya njia, na fundi aliyepewa muda wa kuipanga na kuipima. Kwa chuo hiyo ni gharama ndogo.

Hata hivyo tusiitupie njia lawama zote. Malalamiko mengi ya intaneti kuwa nzito hosteli hayatoki kwenye njia hata kidogo. Yanatoka hewani. Masafa ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11. Weka kuta za zege, kituo kimoja cha waifai katikati ya korido ndefu, kisha simu nyingi zilizowasha hotispoti kwa sababu waifai ya chuo haifiki vyumba vya mwisho, na utakuta chaneli zote zimejaa kelele. Simu iliyo mbali hupokea kwa kasi ndogo, na kila inapozungumza huwachelewesha wote walio kwenye kituo kile. Ongeza kubebana, kunakojulikana na kila aliyesoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: kitanda cha mmoja kinalala wawili, na mtandao uliopangwa kwa idadi ya vitanda unabeba idadi ya watu. Hapo unaweza kupunguza mgao wa gigabaiti hadi nusu na usione tofauti. Kinachosaidia ni kuongeza vituo vya 5 GHz karibu na vyumba na kupunguza nguvu ya 2.4 GHz.

Nije kwenye tovuti zinazofungwa. Kufunga YouTube kwa hoja ya kuzuia burudani ni kufunga pia mihadhara ya MIT OpenCourseWare, masomo ya Khan Academy, na video ambazo wahadhiri wetu wenyewe huziweka humo kwa kuwa seva ya chuo haizimudu. Fundi hana njia ya kuaminika ya kutenganisha muziki na somo la kalkulasi, kwa kuwa vyote vinasafiri kwa usimbaji kutoka kwenye seva zile zile. Anachoweza ni kuziminya zote, au kuziacha zote na kutegemea foleni ya haki. Vivyo hivyo kwa milango ya mtandao (port) inayofungwa kiholela: mwanafunzi wa kompyuta anayezuiwa SSH hosteli anashindwa kuingia kwenye seva ya mradi wake wa mwisho. Kuhusu VPN, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilitoa tangazo Oktoba 2023 likiwataka watumiaji wa VPN kujisajili, na chuo kinapaswa kuwaeleza wanafunzi utaratibu huo. Marufuku ya jumla bila maelezo inamgusa hata anayefanya mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni inayomtaka aingie kwa VPN yao.

Ukomo wa vifaa umepitwa na wakati kiufundi. Mifumo mingi hutambua kifaa kwa anwani ya MAC, na tangu Android 10 na iOS 14 simu hutumia anwani ya kubuni kwa kila mtandao. Mwanafunzi mwenye simu moja, baada ya kubadilisha mpangilio wake au kununua nyingine, huonekana kama ana vifaa vitatu, na Jumatatu anapanga foleni ofisi ya TEHAMA kuomba afunguliwe. Kitambulisho kinachofaa ni akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, kama eduroam, huduma ya waifai ya vyuo, inavyofanya, na sehemu ya njia ihesabiwe kwa akaunti hiyo hata akiwa na kompyuta na simu pamoja.

Hapo linaingia suala la kumbukumbu. Ili kuhesabu mgao au kuzuia tovuti, chuo huandika nani aliingia wapi na saa ngapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, nayo inamtaka anayekusanya taarifa awe na sababu halali na asikusanye kupita hitaji hilo. Foleni ya haki haihitaji kujua mwanafunzi anasoma nini. Inahitaji kujua ni nani anahitaji nafasi sasa hivi, basi. Mlezi wa hosteli hana sababu ya kuona orodha ya tovuti za binti wa chumba cha jirani, na ombi la namna hiyo likija lipitie kwa maandishi kwa Mshauri wa Wanafunzi na mwanasheria wa chuo.

Napendekeza tuanze na jengo moja katika kila chuo kilichowakilishwa hapa, kwa muhula mmoja. Mgao wa gigabaiti uondolewe, foleni ya haki iwekwe, na grafu ya matumizi ya njia kwa kila saa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa hosteli kila wiki, wanafunzi waione kama fundi anavyoiona. Serikali ya wanafunzi ichague wawakilishi wa kukutana na TEHAMA kila mwezi juu ya grafu hiyo. Ikionyesha kwamba njia imejaa saa mbili hadi saa sita hata baada ya kugawanywa kwa haki, basi tutakuwa na ushahidi wa kupeleka kwenye kamati ya fedha tukiomba njia pana zaidi. Na ikionyesha kwamba njia ina nafasi huku vyumba vya mwisho bado vinalalamika, fedha hiyo hiyo iende kwenye vituo vya waifai.