Wadaiwa Warudi, Lakini Wale Nini?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Twataka kusema habari za watu wa Bikini, katika Visiwa vya Marshall, Bahari ya Pasifiki. Jumapili moja ya Februari, 1946, baada ya ibada, afisa wa manowari za Marekani aliwaomba watoke kwa muda, ili bomu la atomiki lijaribiwe kwa faida ya wanadamu wote. Walikuwa watu 167. Mkubwa wao, Juda, alikubali. Nani angekataa mbele ya mwenye manowari?

Walipelekwa Rongerik, wakaona njaa. Mwaka 1948 wakapelekwa Kili. Ninyi wavuvi mtafahamu upesi: Bikini ina bahari ya ndani iliyotulia, imezungukwa na miamba, Kili haina. Bahari ikichafuka chombo hakishuki, na mvuvi hugeuzwa mtu wa kungojea chakula cha makopo.

Huko kwao yalilipuliwa mabomu 23 hata mwaka 1958. Lile la tarehe 1 Machi, 1954, lilikuwa na nguvu kama mara elfu moja ya lile la Hiroshima, na majivu yake yaliwaangukia watu wa Rongelap. Mwaka ule ule Wamarshall walipeleka ombi Umoja wa Mataifa, kwa kuwa nchi yao ilikuwa chini ya udhamini, kama Tanganyika ilivyokuwa. Mlango waliobisha ndio waliobisha Wameru mwaka 1952, walipofukuzwa Engare Nanyuki. Walisikilizwa, mabomu yakaendelea. Mdhamini hukabidhiwa mali ya yatima aitunze. Huyu aliichoma moto.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka 1968 Rais Johnson alitangaza kwamba waweza kurudi. Minazi ikapandwa, nyumba zikajengwa, jamaa kadha wakarudi. Lakini sesiamu iliyobaki udongoni hufanana na potasi ambayo mimea huihitaji. Mnazi huinyonya, ikaingia katika dafu na nazi. Watu wakala. Miili yao ikapimwa, na mwaka 1978 wakaondolewa tena.

Kwa hiyo tunaposema warudishwe, hatusemi kama wale wanaotaka tu picha ya watu wakishuka pwani. Kumrudisha mtu penye nazi asiyoweza kuila ni kumhamisha mara ya pili. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walisema mwaka 1998 kwamba njia ipo: kutia mbolea ya potasi mashambani na kuondoa udongo wa juu penye nyumba. Yataka fedha. Mwaka 2001 mahakama ya madai ya visiwani iliamua walipwe zaidi ya dola milioni 563. Walipata sehemu ndogo mno, na mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kusikiliza shauri lao.

Deni hilo lina mwenyewe, naye anajulikana. Twamtaka alipe, udongo upimwe mbele ya wenyeji, na siku ya kurudi waitaje wao.